MASWALI YA NYUMBANI: Fidia ya Chanjo, na Sulhu Bila ya Kukiri

Imetufikia mwezi huu barua ndefu kutoka kwa dada yetu mmoja katika dini, mzaliwa wa pwani yetu, ambaye sasa anakaa na mumewe na watoto wake katika jimbo la Ohio, Marekani. Jina lake hatulitaji, wala kiasi cha fedha alichotuandikia hatukitaji, kwani mwenyewe ametutaka tumsitiri. Lakini ameturuhusu kumjibu hapa mbele ya wasomaji wote, akisema kuwa huko aliko wako wengine wenye shida kama yake, nao huona haya kuuliza.

Khabari yake kwa ufupi ni hii. Dada yetu huyu hufanya kazi ya kuwatunza wazee, na kazini kwake kila mwaka hutakiwa achanjwe chanjo ya mafua. Akachanjwa kama alivyochanjwa miaka ya nyuma, asione kitu ila maumivu ya bega ya siku mbili. Siku ya 46 baada ya sindano, alipoamka kwa sala ya alfajiri, alihisi ganzi katika vidole vya miguu. Siku ya tatu yake hakuweza kupanda ngazi. Siku ya tano akachukuliwa hospitali, na madaktari wakamwambia kuwa ana ugonjwa uitwao Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui, huigeukia mishipa ya fahamu ya mwenyewe na kuidhuru. Alilala hospitali majuma matatu, akakaa miezi saba bila ya kazi. Sasa, alhamdulillahi, anatembea. Lakini nyayo zake zingali na ganzi.

Wakili akampelekea madai yake. Serikali ya Marekani imekubali kumpa fedha kwa sulhu, lakini ndani ya hati ya sulhu yameandikwa maneno yaliyomtia wasiwasi: kwamba Serikali inakanusha kuwa chanjo ndiyo iliyomdhuru, na kwamba yeye akiisha kutia saini hana dai jingine. Mumewe asema, fedha ya mtu anayekukana ni fedha ya kukuziba mdomo, tusiichukue. Wifi yake asema, kataa sulhu hiyo, rudi kwa mwamuzi useme kuwa ganzi ilianza siku ya 40, utalipwa zaidi. Kwani wewe mwenyewe hukusema kuwa usiku mmoja kabla ya hapo ulihisi miguu imechoka? Na baadhi ya watu wa msikitini kwao, waliposikia kuwa Serikali inataka kulipa, wamekwisha kuitangaza khabari hiyo kuwa ni ushahidi kwamba chanjo ni sumu. Basi dada yetu anauliza: Je, fedha hizi ni halali? Je, aseme siku ya 40? Na je, watu hao awajibu nini?

Hatuna budi kueleza kwanza sheria yenyewe ilivyo, kwani jawabu letu lote limesimama juu yake.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 watu wengi wa Marekani waliwashitaki watengenezaji wa chanjo, khasa chanjo ya kifaduro. Baadhi ya watengenezaji wakaacha kazi hiyo, bei ikapanda, na ikakhofiwa kuwa watoto watakosa chanjo. Kwa hiyo mwaka 1986 Baraza la nchi hiyo lilipitisha sheria, na tangu tarehe 1 Oktoba 1988 mwenye kudai kuwa amedhurika na chanjo ya kawaida kama hiyo ya mafua hamshitaki kwanza mtengenezaji wala muuguzi aliyemdunga. Hupeleka dai lake katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington, na mdaiwa ni Waziri wa Afya. Hapana baraza la wazee wa korti. Dai husikilizwa na mwamuzi maalumu peke yake.

Na fedha zatoka wapi? Hapa tunamwomba mume wa dada yetu atusikilize vizuri. Katika kila chanjo inayouzwa hutozwa ushuru wa senti 75 kwa kila maradhi ambayo chanjo hiyo inayakinga. Chanjo ya mafua hulipa senti 75. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, kwa kuwa yakinga matatu, hulipa dola 2 na senti 25. Senti hizo hukusanywa katika mfuko mmoja, na mfuko huo ndio unaolipa. Tangu mwaka 1988 umekwisha kulipa zaidi ya dola bilioni 5. Maana yake ni kuwa kila aliyechanjwa akarudi nyumbani salama, ametanguliza senti zake kwa ajili ya yule mmoja atakayekosa salama hiyo. Ujira wa wakili nao hulipwa na mfuko huo, mbali na fedha za mgonjwa, na wakili hana ruhusa ya kukata fungu katika fidia ya mgonjwa. Hata dai likishindwa, wakili aweza kulipwa, maadamu dai lililetwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi wa maana.

Tena sheria imeweka jedwali. Humo zimeandikwa chanjo, na mbele ya kila chanjo madhara yanayotambuliwa, na muda wake. Tangu mwezi wa Machi 2017 jedwali hilo limetaja ugonjwa wa Guillain-Barré baada ya chanjo ya mafua, ukianza kati ya siku ya 3 na siku ya 42. Mwenye kuingia ndani ya siku hizo huhesabiwa kuwa chanjo ndiyo iliyomdhuru, mpaka Serikali ithibitishe sababu nyingine. Aliye nje ya siku hizo hafukuzwi, bali mzigo wa ushahidi humrudia yeye: hapana budi alete elimu ya madaktari ya kuonyesha jinsi chanjo inavyoweza kudhuru hivyo, na mfuatano wa mambo, na kwamba wakati wenyewe unaafikiana na elimu hiyo. Haya matatu yalipangwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2005.

Sasa msomaji ameona kwa nini wifi mtu anaitaka siku ya 40, na kwa nini Serikali imependelea sulhu. Siku ya 46 ni nje ya jedwali kwa siku nne tu. Wakili wa dada yetu aogopa kushindwa. Wakili wa Serikali naye aogopa. Wala hili si jambo geni: Serikali hiyo yenyewe imetangaza kuwa kadiri ya 60 katika kila 100 ya fidia zinazolipwa na mfuko huo hutokana na sulhu, ambayo ndani yake Serikali haikuamua kuwa chanjo ndiyo sababu.

Ama suala la kwanza, uhalali wa sulhu hii. Mwenyezi Mungu ameisifu sulhu kwa kheri katika Sura An-Nisaa, aya ya 128. Aya hiyo imeshuka juu ya mume na mke, lakini wanavyuoni wameitolea hukumu katika mambo mengine pia. Na Mtume wetu (s.a.w.) ameijuzisha sulhu baina ya watu, ila ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mpaka hapa hapana khitilafu. Khitilafu imo katika sulhu ambayo mdaiwa anakanusha, na hili ndilo lililomtia wasiwasi bwana wa nyumba hiyo. Tunamsifu kwa wasiwasi wake, kwani haukutoka katika ujinga.

Sisi watu wa pwani tunamfuata Imamu Shafii, na katika madhehebu yake sulhu juu ya kukanusha haisihi. Imamu Nawawi ameandika hivyo katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh zetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi. Hoja yao ni nzito: mdai akiwa mkweli, mbona analazimishwa kuacha sehemu ya haki yake ili apate sehemu nyingine? Na akiwa mwongo, anakula mali ya mwenziwe. Lakini Imamu Abu Hanifa, Imamu Malik na Imamu Ahmad wameijuzisha. Wao wasema kuwa kwa mdai, fedha ile ni badala ya haki anayoiamini. Na kwa mdaiwa, ni fidia ya kujikomboa na ugomvi na kiapo. Sharti lao ni moja, nalo ni ukweli wa moyo. Mwenye kujua kuwa dai lake ni la uwongo, fedha ile ni haramu kwake hata akiandikiwa na mahakimu mia.

Sisi twaona kuwa dada yetu aweza kuchukua, na sababu zetu si kauli ya Maimamu hao watatu peke yake. Masheikh wa madhehebu yetu walikuwa wakimtazama mdaiwa anayeujua ukweli na kuuficha: mtu aliyekopa akasema sikukopa, aliyeshika shamba la mwenziwe akasema ni langu. Hapa ni nani anayeujua ukweli? Ugonjwa huu humpata mtu 1 au 2 katika kila watu 100,000 kila mwaka, wachanjwe wasichanjwe. Aghalabu hutanguliwa na homa au maradhi ya tumbo. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu kadiri ya milioni 45 kwa kuogopa homa ya mafua ya nguruwe, ikaonekana kuwa ugonjwa huu umezidi kwa kadiri ya mtu 1 katika kila 100,000 waliochanjwa, na kazi hiyo ikasimamishwa mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Katika chanjo za mafua za baadaye, ziada iliyoonekana, pale ilipoonekana, ni kadiri ya mtu 1 au 2 katika kila milioni. Daktari aliyemtibu dada yetu hawezi kupasua mshipa akaona humo jina la sindano. Serikali inaposema yakanusha, haisemi kuwa dada yetu ni mwongo; yasema kuwa haikuthibitishiwa. Na dada yetu anapodai, hasemi kuwa ameona kwa macho; asema kuwa alikuwa mzima, akachanjwa, akapooza.

Tukio la namna hii limo katika sira. Abdullah bin Sahl, katika Ansari, alikutwa Khaybar ameuawa, wala hapakuwa na shahidi. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (s.a.w.) wakiwadai Mayahudi wa mji ule. Mtume akawaambia waape viapo hamsini ili wastahiki. Wakajibu, tutaapaje juu ya jambo ambalo hatukulishuhudia? Akawaambia, basi Mayahudi wataapa hamsini nao watakuwa wametoka katika dai lenu. Wakasema viapo vya watu hao hawaviridhii. Kesi ikakwama pale: huyu hawezi kuthibitisha, na yule hawezi kuaminiwa. Basi Mtume akalipa mwenyewe diya ya ngamia 100, kwa kuchukia damu ya mtu ipotee bure. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim, na katika mapokezi mengine imesemwa kuwa ngamia hao walikuwa katika ngamia wa sadaka.

Tumwombe mume wa dada yetu aitazame khabari hii. Mtume (s.a.w.) alipolipa hakukiri kuwa yeye ndiye aliyeua, Mungu apishe mbali! Wala Mayahudi hawakuhukumiwa kwa malipo yale. Wala jamaa wa marehemu hawakuambiwa kuwa wamezibwa midomo. Mali ilitolewa kwa sababu dhara ilikuwapo, na mwenye dhara hana wa kumrudia. Hatusemi kuwa mfuko wa Marekani ni baitulmali ya Waislamu, wala hatusemi kuwa fedha ile ni diya kwa hukumu zake zote. Twasema kuwa kulipa bila ya kukiri si jambo la aibu kwa anayelipa wala kwa anayepokea, na kwamba fedha zilizotengwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wenye shaka kama hiyo, mwenye kuzipokea kwa ukweli hakula cha mtu. Nazo si za kumziba mdomo. Hukumu inayothibitisha sulhu hutangazwa na mahakama, kila mtu aweza kuisoma, na dada yetu ataweza kusimulia khabari yake kwa amtakaye.

Suala la pili ndilo lililotukesha, ingawa jawabu lake ni fupi. Asiseme siku ya 40.

Dada yetu ametuandikia kuwa usiku mmoja kabla ya hapo alihisi miguu imechoka, baada ya kusimama kazini tangu asubuhi, na kwamba hana hakika kama ulikuwa ni usiku wa siku ya 40 au wa juma lililotangulia, wala kama ilikuwa ganzi au uchovu tu. Basi na aseme hivyo hivyo, neno kwa neno, wakili wake ayaandike yote. Kuutaja uchovu na kuutaja kuwa na shaka ni ukweli. Lililo haramu ni kuifuta shaka na kuiweka tarehe mahali pake, akatia saini chini ya kiapo. Wale Ansari walikuwa wamefiwa na ndugu yao, na diya ya ngamia 100 iko mbele yao, na aliyewaambia waape ni Mtume mwenyewe. Nao hawakuapa, kwa kuwa hawakushuhudia.

Na amekwisha kupokewa Bibi Umm Salama (Mungu amridhie) kuwa watu wawili waligombana mbele ya Mtume juu ya urithi wa zamani ambao alama zake zimekwisha kufutika, wala hapana mwenye ushahidi. Akawaambia maana ya kuwa yeye ni binadamu, huhukumu kwa anavyosikia, na huenda mmoja akawa hodari wa maneno kuliko mwenziwe. Basi atakayekatiwa haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Wale wawili wakalia, kila mmoja akasema haki yangu nimempa mwenzangu. Akawaamuru wagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe. Iko katika Abu Daud. Ikiwa maneno haya yameambiwa watu waliokuwa mbele ya Mtume, itakuwaje kwa mwamuzi wa Washington ambaye hajui ila karatasi alizoletewa?

Tena wifi mtu ajue kuwa hila yake haina hata faida ya dunia. Waamuzi hawa huitegemea zaidi karatasi ya hospitali iliyoandikwa siku ile ile kuliko maneno yanayokuja baada ya mwaka. Dada yetu mwenyewe, alipolazwa, aliambia daktari ganzi ilianza lini, na daktari akaandika. Leo akisema vingine ataonekana mwongo katika lile na katika kila jingine, na sulhu iliyo mkononi itamponyoka. Na mfuko anaotaka kuuongopea ni senti za watu waliochanjwa, na humo anangojea zamu yake mama aliyedhurikiwa na mtoto ndani ya siku za jedwali. Hatuandiki haya kwa kumtukana wifi. Bila shaka alimwona mwenziwe akibebwa mgongoni kupelekwa chooni, na uchungu humtia mtu maneno.

Ama watu wa msikitini, jawabu lao ni kuwa wanaisoma hati ile kinyume na ilivyoandikwa. Kila upande umetia saini kuwa jambo halikuthibitika; basi vipi wao wamethibitisha lisilothibitishwa na mdai mwenyewe? Dada yetu amesema katika barua yake kuwa watoto wake amewachanja surua na ataendelea kuwachanja, wala haoni kuwa yapingana na dai lake. Nasi hatuoni. Mafua yenyewe huleta Guillain-Barré, na madaktari wanaona kuwa khatari ya kuupata kwa kuugua mafua ni kubwa kuliko kwa kuchanjwa. Lakini tuwe waadilifu kwa pande zote: yako makundi mengine ya watu ambao, mtu akisema nimedhurika, humkemea papo hapo kuwa anawatia watu khofu, anyamaze. Hilo nalo ni dhuluma. Waliotunga sheria ile walikuwa wakizitaka chanjo ziendelee, na kwa sababu hiyo hiyo wakaweka fedha za kuwalipa wachache wanaodhurika. Mtu akilipwa vizuri na kusikilizwa vizuri, hana haja ya kusimama sokoni akipiga kelele.

Yako mambo mawili kwa wasomaji wetu wengine. Walioko Marekani wajue kuwa dai la namna hii lina mwisho wa miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Aliyefiwa ana miaka 2 tangu kifo, wala isizidi miaka 4 tangu dalili ya kwanza. Si lazima mtu awe raia. Na dhara yapasa iwe imedumu zaidi ya miezi 6, au imemfikisha mtu kulazwa hospitali na kupasuliwa, au kufa. Ama walioko Kenya, Tanzania na Uganda, nchi zao zilikuwa miongoni mwa nchi 92 zilizowekewa mfuko wa fidia mwaka 2021 kwa chanjo za Korona zilizoletwa kwa njia ya COVAX. Nao ulilipa kwa mkupuo mmoja bila ya kutafuta mwenye makosa, kwa sharti kuwa mwenye kupokea amekwisha dai lake.

Kabla ya kutia saini, dada yetu amwulize wakili wake kiasi hicho kimehesabu nini: mshahara wa miezi saba tu, au na dawa za mbele? Kwani ganzi aliyonayo huenda ikakaa, na mlango ukiisha kufungwa haufunguliwi. Akiona hakitoshi, kukataa kwa sababu hiyo ni haki yake. Fedha akiisha kuzipokea ni mali yake yeye, si ya mume wala si ya wifi, na zikikaa mwaka zikafikia nisabu atazitolea zaka.

Mwisho wa barua, kwa mwandiko mdogo, ametuuliza kuhusu udhu na sala, kwa kuwa nyayo hazisikii maji na akisujudu huogopa kuanguka. Udhu wake ni sahihi maadamu maji yameenea. Kusikia si sharti. Akiweza kusimama na asimame, na ameshike kitu au aegemee ukuta. Asipoweza kuinuka kutoka chini, na asali juu ya kiti akiashiria rukuu na sijida, na sijida aishushe zaidi kuliko rukuu. Ila maji ya moto ya huko kwenye baridi asiyapime kwa mguu. Ayapime kwa kiwiko kwanza, au amwite mmoja wa watoto.